Kokoto Chafu ni Hatari kwa Reli Zetu

Kila mara mabehewa mapya yanapozinduliwa au njia ya reli iliyoachwa inapofunguliwa upya, hotuba hutolewa, utepe hukatwa na wananchi hushangilia. Si vibaya. Lakini ni nadra kumsikia kiongozi akizitaja kokoto zilizotandazwa chini ya mataruma, ilhali usalama wa garimoshi huzitegemea mno.

Huenda msomaji akadhani kwamba kokoto hizo ni za kujaza nafasi tu. La hasha! Zina kazi mbili kubwa. Kwanza, kwa kuwa zina kingo kali, hushikamana na kuyazuia mataruma yasisogee, na huusambaza uzito wa garimoshi ili usiulemee udongo mahali pamoja. Pili, mianya iliyo kati yake huyapitisha maji ya mvua hadi mitaroni.

Mianya ikizibika, kazi zote mbili huharibika. Vumbi, taka na shehena inayomwagika huingia kutoka juu. Udongo laini hupanda kutoka chini. Nazo kokoto zenyewe husagika kidogo kidogo kwa uzito wa magarimoshi. Ernest Selig na John Waters, katika kitabu chao cha 1994, walieleza kwamba katika reli zilizochunguzwa Amerika Kaskazini, takribani robo tatu ya uchafu huo ilitokana na kusagika huko. Kwa hiyo hata reli inayofagiliwa kila siku itachafuka.

Mvua inaponyesha, uchafu huo hugeuka tope. Maji hutuama, kokoto huteleza badala ya kushikana, na taruma hupanda na kushuka kama pampu kila gurudumu lipitapo, likivuta tope zaidi juu. Reli hubonyea. Garimoshi hulazimika kupunguza mwendo, na lisipopunguza laweza kuacha njia.

Hapa kwetu hatari hiyo ni bayana. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901, hupita katika nyanda za Athi zenye udongo mweusi ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Kibera nako, reli iyo hiyo hupenya katikati ya makazi, na taka na maji machafu huishia kwenye kokoto. Tusiwalaumu wakazi peke yao. Pasipo mapipa wala mitaro, watazitupa wapi?

Januari 1993, mafuriko yalilisomba daraja la Ngai Ndethya, kati ya Mombasa na Nairobi. Garimoshi la abiria likatumbukia mtoni na watu zaidi ya 100 wakafa. Msiba huo ulitokana na daraja, si kokoto. Hata hivyo, funzo ni lile lile: maji yasiyopewa njia hujitafutia njia.

Tiba inajulikana. Kokoto chafu huchimbuliwa na kuchekechwa, zilizo nzima hurudishwa, mpya huongezwa na mitaro huzibuliwa. Kuzishindilia tu juu ya tope ni sawa na kupaka rangi ukuta uliooza. Na wasijidanganye wanaodhani kuwa reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyozinduliwa 2017, haihusiki. Nayo imelazwa juu ya kokoto, na upya wake hautaikinga milele.

Watakuwapo watakaodai kwamba fedha hazitoshi. Je, zitatosha kunyanyua mabehewa yaliyopinduka na kuwafidia waliofiwa? Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahusika watenge fungu la kudumu la kusafisha kokoto na kuzibua mitaro, nalo litumike kabla ya masika, si baada ya maafa. Utepe waweza kungoja, mvua haingoji.