Kazi ya wengi bila masharti huzaa kesi

Mfanyabiashara anayefuata mchele Ikolo, wilayani Kyela, hulipia sifa: mchele wa Kyela unanukia. Akichanganyiwa debe moja la mchele wa kwingine, gunia zima hupoteza jina, na aliyechanganya hajulikani. Ndivyo ilivyo pia kwa programu za kompyuta zinazotengenezwa na watu wengi kwa pamoja.

Mfano ni Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi nchini Finland. Leo imo ndani ya simu zote za Android, zikiwamo za wakulima na wachuuzi. Watu wa nchi nyingi huichangia msimbo, yaani maandishi yanayoiambia kompyuta la kufanya. Awali michango ilipokewa kwa kuaminiana. Mwaka 2003 kampuni ya SCO ya Marekani iliishitaki IBM, ikidai mali yake imeingizwa humo bila ruhusa.

Mwaka uliofuata ikawekwa kanuni: kila anayechangia aandike jina lake, kuthibitisha kuwa ana haki ya kuutoa msimbo huo. Hata hivyo, kesi ilikwishafunguliwa. Ilimalizwa mwaka 2021, IBM ikikubali kulipa zaidi ya dola milioni 14. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hilo ni fundisho kwa vijana wanaotaka kutengeneza programu za kutunza hesabu za vyama vya ushirika, iwe Kyela au kwingineko. Kabla ya kupokea mchango wa kwanza, wakubaliane kwa maandishi mambo matatu: mchango unatolewa kwa masharti gani, nani ataukagua, na nani ana mamlaka ya kuukataa. Mtu asipitishe kazi yake mwenyewe, hata akiwa mwanzilishi.

Wapo watakaosema masharti yatawafukuza wanaojitolea. Lakini kanuni ya Linux hudai mstari mmoja tu, na wachangiaji hawakukimbia. Mkulima naye haogopi mizani ya ghalani. Anachoogopa ni mizani inayobadilika kwa kuangalia sura ya mtu.

Kwa hiyo, viongozi wa chama wanaoletewa programu, hata ya bure, waombe kwanza kuona daftari la michango. Hesabu za msimu mzima zikishaingizwa humo ndipo ajitokeze mwenye mali, atakayeumia ni mkulima.