Maiki, Priampu na Pesa ya Dari

Mwezi huu ninayo kesi, na mshtakiwa ni mimi mwenyewe. Sogeza kiti, mimina chai, halafu nihukumu taratibu.

Wengi wenu mnajua naishi Tunduma. Kurasa za jarida hili nazihariri kwenye laptop hapahapa nyumbani, na pembeni nasoma matangazo: duka jipya, saluni, semina ya wajasiriamali. Mtu ananitumia maneno, narekodi, namrudishia, ananilipa kwa simu. Hela yenyewe si ya kutisha lakini ni yangu. Kwa muda mrefu nilikuwa narekodi kwa simu, blanketi kichwani, hadi mteja mmoja akaniambia bila kuficha, "Dada, sauti unayo, ila nasikia lori linarudi nyuma."

Alikuwa sahihi. Nyumba yetu haiko mbali na barabara kuu iendayo mpakani. Tangu Tanzania na Zambia zilipozindua kituo cha pamoja cha forodha hapa Tunduma na Nakonde mwaka 2019, lori linakaguliwa upande mmoja tu, lakini lori ni lori, halijajifunza kunyamaza.

Basi nikaanza utafiti. Mume wangu akilala, mimi niko kwenye simu naangalia video za watu wenye vyumba vizuri na taa za zambarau. Wote wanasema kitu kimoja: tafuta maiki ya kondensa, uipe priampu ya maana. Baada ya wiki mbili nilikuwa naota priampu. Si utani.

Sasa, ndani ya kabati letu kulikuwa na bahasha ya dari. Nyumba tumeshaezeka lakini juu ni bati tupu, na mvua ya Songwe ikishuka hamsikilizani hata mkiwa kitanda kimoja. Tulikuwa tunaweka kidogokidogo ili tupige jipsamu. Nikachukua ile bahasha, nikanunua maiki, na kwa jamaa mmoja nikanunua priampu ya mtumba, nzito, yenye bomba la kioo linalowaka rangi ya chungwa. Nilipendezwa na ile taa, nakiri. Nyumbani sikusema neno.

Mwenzangu ni wakala wa forodha. Kazi yake kutwa ni kusoma lebo za mizigo ya watu. Aliporudi jioni akaiona mezani, akaigeuza nyuma kabla hata hajavua viatu.

"Mama, hii umeisoma? Imeandikwa volti 120."

Ni mashine ya Marekani. Umeme wetu ni volti 230. Ningeichomeka ukutani vile ilivyo, tungebaki na harufu ya kuungua tu. Halafu likaja swali la pili, lile nililokuwa naliogopa: "Hela umetoa wapi?"

Siku tatu tuliishi kwa salamu. Umeamka salama, nimeamka. Siku ya nne nikamwambia ukweli, kwamba sikumwambia kwa sababu angekataa. Akanijibu, "Nisingekataa. Ningeuliza." Hapo ndipo iliponiuma, kuliko hata ile hela. Tukakaa, akauliza, na mimi nikajikuta sina majibu. Ikabidi nianze kusoma upya, safari hii tukiwa wawili.

Swali lake la kwanza: hiyo priampu inafanya nini? Umeme unaotoka kwenye maiki ni mdogo mno, lazima ukuzwe kabla kompyuta haijaupokea. Ndiyo kazi yake, hakuna uchawi. Akauliza tena: na kile kiboksi cha USB ulichokiacha dukani je? Kile ni kadi ya sauti, kama Focusrite Scarlett na ndugu zake, na ndani yake tayari kuna priampu. Ndani yake pia kuna umeme wa volti 48 ambao maiki ya kondensa haifanyi kazi bila huo. Kile kiboksi kinakula umeme wa laptop, kwa hiyo hata mtaa ukizimika unaendelea kurekodi kwa betri. Yaani nilikuwa nimenunua kitu cha pili kabla ya kile cha kwanza. Wale wanaochomeka kondensa moja kwa moja kwenye tundu la laptop, wakapata sauti ya mbali yenye mvumo, wasiitukane maiki. Mara nyingi ina njaa ya hizo volti 48.

Swali lililonimaliza lilikuwa la maiki yenyewe. Maiki za kondensa hupimwa kwa mvumo wake wa ndani. Rode NT1-A ni desibeli 5, kimya cha ajabu. Audio-Technica AT2020, ya bei nafuu zaidi, ni desibeli 20. Kwenye video wanabishana hapo hadi usiku wa manane. Lakini chumba cha kulala kilichotulia vizuri kabisa huwa na desibeli 30 hivi, na cha kwetu chenye malori na jogoo wa jirani hakifiki kwenye utulivu huo. Ningelipia ukimya ambao nyumba yangu haina!

Na kondensa ina masikio makali. Inasikia pumzi, friji, mtoto wa jirani. Wenye chumba cha kelele wafikirie maiki ya dainamiki, ile ya kuongea nayo karibu. Sauti ya Michael Jackson kwenye Billie Jean ya mwaka 1982 ilirekodiwa kwa Shure SM7, ambayo ni dainamiki, na sijasikia mtu akilalamika. Ila mdogo wake, SM7B, inahitaji kukuzwa desibeli 60 hivi, na hapo ndipo priampu yenye nguvu inaingia kwa haki yake.

Mimi nilibaki na kondensa kwa sababu nilishainunua. Priampu niliiuza kwa hasara kwa kijana mwenye transfoma ya kushushia umeme, nikapata kadi ya sauti ya tundu moja. Trei za mayai mnazoziona ukutani kwenye studio za uswahilini tulizijaribu na kuzitoa, hazifanyi chochote cha maana. Godoro lililosimamishwa nyuma ya mgongo wangu ndilo lililosaidia, kwa kuwa maiki inasikiliza mbele yake, yaani mimi na kilicho nyuma yangu. Nakaa umbali wa shibiri moja, kitambaa cha soksi mbele kuzuia pumzi za "p" na "b". Mngurumo wa lori haujali godoro, huo nakata kwa kitufe cha kuondoa besi ya chini, na lililobaki nalikwepa kwa kuamka saa tisa usiku.

Dari imechelewa msimu mzima wa mvua. Kuanzia Novemba hadi Aprili nilikuwa napokea kazi na kuomba mawingu yasubiri. Fedha za matangazo ndizo zilizoijaza tena bahasha, na chumba cha kulala sasa kina jipsamu. Sebule bado.

Ndani ya bahasha siku hizi kuna karatasi, anayetoa anaandika. Juzi nimeikuta ya kwake: "Elfu kumi na tano. Samaki na vocha. Nitarudisha Ijumaa."

Tukutane mwezi ujao.