Kitanda ni Chako, Siku ya Kuhama Usiondoke



Leo nina ugomvi, na nautoa hadharani. Ugomvi wangu ni na ile desturi ya siku ya kuhama nyumba. Mke huambiwa achukue watoto aende kwa mama yake, "wewe usijichoshe, wanaume watamaliza." Anatoka. Nyuma yake wanaingia vijana wanne chumbani na nyundo, hakuna hata mmoja anayejua kitanda kile kina viungo vingapi. Jioni mke anafikia nyumba mpya, anakuta kitanda kimesimama, anashukuru, wali unapakuliwa. Usiku kitanda kinalia kama mlango wa zizi. Wiki haijaisha mfumbati mmoja umeshagongewa misumari ya inchi nne, bolti mbili hazijulikani zilipo, na kila anayeulizwa anasema, "Ah, hiki kilikuwa kibovu tangu zamani."

Hakikuwa kibovu. Kimeuliwa siku ya kuhama, na mwenyewe hakuwepo.

Mwenyewe ni nani? Hapo ndipo watu wanapokunja uso. Kwetu Unguja na Pemba posa nyingi bado hutajwa fedha pamoja na vyombo: kitanda, godoro, kabati, meza ya kujipambia. Kilichotajwa kama mahari mbele ya walii na mashahidi ni mali ya mke, si pambo la nyumba. Surat An-Nisaa aya ya 4 inaamrisha wanawake wapewe mahari yao, na inamruhusu mume kula sehemu yake pale tu mke atakapomwachia mwenyewe kwa roho safi. Aya ya 20 ya sura hiyo hiyo inamkataza mume anayetaka kuoa badala ya mke aliyenaye asichukue chochote katika alichompa, hata kama alimpa mali chungu nzima. Sasa niambie, mali isiyoruhusiwa kuchukuliwa hata siku mnapoachana, imekuwaje siku ya kuhama ifunguliwe kwa mateke bila mwenyewe kuulizwa?

Na kama kitanda alikinunua baba yako akakusindikiza nacho, ni chako vile vile. Kama mume alikinunua mwenyewe baadaye kwa matumizi ya nyumba na hakukupa, hicho ni chake, na tusidai cha mtu. Lakini wengi wetu hatujui hata kipi ni kipi. Umekaa ndani miaka kumi, ukiulizwa kitanda hiki kiliingiaje unasema, "Nilikikuta." Ulikikuta vipi na wewe ndiye uliyeolewa nacho?

Najua majibu yatakayokuja, nimeshayasikia yote dukani kwangu. Nashona mashuka na mapazia, na mtu anayehama lazima apite kwangu, maana madirisha hubadilika na vipimo navyo.

La kwanza ni stara. Ati mwanamke anaondoka kwa sababu wanaume wageni wanaingia chumbani. Mwenzangu, hiyo hoja inakugeuka. Ukiondoka ndipo wanapokutana na foronya zako, gauni lako la kulalia lililoteleza nyuma ya mchago, na kile kikapu kilicho chini ya kitanda. Stara ni kumaliza kabla hawajafika. Kitanda kinafunguliwa jana yake usiku, na wewe na mumeo, au kaka yako. Asubuhi wapagazi wanakuta mlangoni mbao zilizofungwa, hawana haja ya kuvuka kizingiti cha chumba. Wewe uko chumba kingine na buibui lako, na daftari mkononi.

La pili, ni kazi ya fundi. Kitanda cha kuchonga cha zamani chenye viungo vya ulimi na tundu, sawa, mwite seremala anayejua. Lakini kitanda cha bolti? Mwanamke anayeweza kutia zipu isiyoonekana kwenye gauni la satini anashindwa kushika spana? Mimi nilifundishwa cherehani, na somo la kufumua ndilo hilo hilo: unaanza na uzi ulioshonwa mwisho. Kilichofungwa mwisho hufunguliwa kwanza. Ukivuta ovyo unachana kitambaa, na kwenye kitanda unachana mbao.

Basi nenda hivi. Toa mashuka, mito na chandarua wewe mwenyewe, uvitie kwenye mfuko mmoja ulioandikwa "kitanda", kwa sababu usiku wa kwanza kwenye nyumba mpya ndivyo vitu vya mwanzo utakavyovitaka. Godoro litoke lisimamishwe ukutani. Hapo, kabla ya kugusa bolti yoyote, piga picha kila kona kwa simu. Halafu chukua chaki au utepe wa karatasi uandike kila kipande: mchago kulia, mchago kushoto, miguuni kulia, miguuni kushoto. Usijiambie utakumbuka. Mifumbati miwili hufanana kama mapacha, lakini matundu yake yamepishana kidogo, na ukiigeuza ndipo wanaume wanapoanza kulazimisha.

Chaga zinatoka kwanza. Zipange kwa mfuatano wake, zifunge fungu moja. Sasa mtu mmoja ashike kitakizo cha mchagoni na mwingine cha miguuni, maana mifumbati ikitoka vitakizo havina cha kuviegemeza, na cha mchagoni ni kizito, kimeshavunja vidole vya miguu vya watu wengi. Legeza bolti zote kidogo kidogo kuzunguka kitanda kizima kabla ya kutoa hata moja. Ukitoa za upande mmoja zote, uzito wote unaning'inia upande wa pili na tundu linachanika.

Kuna vitanda havina bolti, mfumbati una ndoano za chuma zinazoingia kwenye bamba la tendegu. Hivyo havivutwi kwa pembeni. Vinanyanyuliwa juu. Kikigoma, weka kipande cha ubao kilichovikwa kitambaa chini ya mfumbati, ugonge ubao huo taratibu kutoka chini. Nyundo isiguse mbao ya kitanda, na atakayeigusisha mwambie aende akapakie sufuria.

Bolti, nati na washa zote zinaingia kwenye kifuko cha kitambaa chenye kamba. Vipande vya kanga vilivyobaki vinatosha, kushona kifuko ni dakika tano. Kifuko kifungwe kwenye mfumbati wenyewe, kisitiwe mfukoni mwa mtu. Ndani yake tia na spana iliyotumika. Kama unavuka bahari, Mkoani kuja mjini au unakwenda bara, pakaza bolti mafuta ya cherehani kabla ya kuzifunga, kwani chumvi haichelewi kuleta kutu.

Wenye samadari ya bibi, nyie nawaonea wivu na nawaonea huruma. Vile vioo vilivyochorwa vikipasuka huvipati tena. Bandika utepe wa karatasi msalaba juu ya kila kioo, kizungushie blanketi, na kitakizo kisafirishwe kimesimama, kamwe kisilazwe chali na mtu akaweka jiko juu yake. Matendegu yaliyokerezwa yavae kanga kuukuu, moja moja. Na katika ngazi za Mji Mkongwe, zilivyo nyembamba, hesabu za kupinda kona zifanywe kabla kitakizo hakijanyanyuliwa, si mkiwa mmeshakwama katikati na mmoja kaning'inia.

Godoro la springi halikunjwi. La sponji laweza kupindwa kidogo kwa safari fupi, lakini usikaze kamba mpaka ikaingia nyamani. Shona mashuka mawili makuukuu pande tatu, godoro liingie kama mto kwenye foronya, na juu yake nailoni kama ni masika. Ukifika nailoni itoke siku hiyo hiyo, vinginevyo linavuja jasho ndani na kuota ukungu. Na mtu asipande juu ya godoro kwenye kirikuu akalifanya kiti. Unalilalia uso wako lile.

Jambo moja hatulisemi kwa aibu: kunguni. Siku kitanda kinapofunguliwa ndiyo siku pekee viungo vyote viko wazi. Angalia matundu ya bolti, pembe za chaga, na mshono wa godoro pande zote. Ukiona vidoa vyeusi, mbao ngumu zimwagie maji yanayochemka kwenye viungo kabla hazijatoka uwani, siyo ukawapeleka wageni nyumba mpya. Tumefundishwa na Mtume (S.A.W) tukung'ute kitanda kabla ya kulala kwa kuwa hatujui kilichoingia nyuma yetu. Kama kulala usiku mmoja kunataka kukung'uta, itakuwaje kuhamia nyumba?

Sasa zamu yenu, mabiharusi. Siwezi kuwalaumu wanaume peke yao. Sehemu ya msiba huu tunaununua wenyewe dukani. Siku hizi kitanda kinachaguliwa kwa ajili ya picha: sita kwa sita, mchago wa kupachikwa sponji na vifungo vinavyong'aa, mrefu hadi karibu na dari, na ndani yake ni ubao wa unga uliogandishwa kwa gundi. Futi sita ni sentimita 183. Mlango wa chumba cha kupanga haufiki hata sentimita mia. Kitakizo hicho kitapita kwa kulazwa ubavu tu, kama korido inaruhusu. Na ule ubao wa unga skrubu huushika vizuri mara ya kwanza. Ukiifungua na kuifunga tena tundu limeshalegea, na ukinyeshewa kwenye gari unavimba kama mkate. Wewe unaanza maisha kwenye nyumba ya kupanga, utahama mara mbili tatu kabla hujajenga. Unataka mahari yako iwe kitu kinachokufa kwenye hama ya kwanza?

Mwambie somo wako na mama zako siku ya kutaja vyombo waseme mbao gani. Wataje mninga, msaji, mfenesi, na wataje kitanda cha bolti kinachofunguka vipande. Waseme tano kwa sita kama chumba ni kidogo. Bibi Fatma (R.A.), binti wa mbora wa viumbe, alipelekwa kwa Sayyidna Ali (R.A.) na vitu vichache, na mto uliojazwa majani ya idhkhiri umo katika riwaya. Sisemi mlalie majani. Nasema tusione aibu kitanda kikiwa kidogo na cha kweli.

La mwisho ndilo linalonipandisha presha. Mwanamke akiandika orodha ya vyombo vyake, akisimama mlangoni kuhesabu vinavyotoka na vinavyoingia, anaambiwa, "Unajiandalia talaka." Mawifi wanaguna. Hata mashoga wengine mnaguna, nawajua. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqarah, inazungumzia kuandikiana deni. Allah hakuwaambia wanaoandikiana kwamba wanajiandalia ugomvi. Kuandika ndiko kunakozuia ugomvi. Nenda ukae siku moja nje ya Mahakama ya Kadhi uwasikilize wanaotoka. Kitanda na kabati vinagombaniwa na watu wazima, huyu anasema nilimpa, yule anasema alinunua baba yangu, na hakuna mwenye karatasi. Na kuna wajane pia, jamani. Mume amekufa, ndugu wamekuja kugawa mirathi, kitanda cha mahari kimetiwa kwenye hesabu ya marehemu kwa sababu mke hawezi kuthibitisha kwamba hakikuwa chake. Na mahari ambayo hajamaliziwa ni deni, deni linatoka kabla ya urithi kugawiwa. Mwanamke anayehesabu vyombo vyake anaweza kuwa na mume wake mpaka kaburini, na bado hesabu ile ikamfaa.

Mume mwema hachukii hilo. Wapo wanaoshika upande wa pili wa mfumbati na kuuliza, "Hii tuandike wapi?" Huyo mwombee dua.

Mkifika, usikubali kitanda kisimamishwe kwa haraka ili watu wakale. Funga bolti zote kwa mkono kwanza, zikaze nusu, angalia kama matendegu yote manne yamekaa chini, ndipo ukaze kwa spana kwa kupishana, mchago kulia kisha miguuni kushoto. Baada ya wiki mbili pita tena na spana, mbao huwa zimetulia. Kisha fukiza udi wako, tandika shuka safi, utie asumini kwenye mito.

Na wewe uliyekuwa unaandaa jibu la kuniambia nimezidi: karatasi yako ya mahari iko wapi? Katafute kwanza, halafu tuzungumze.