Fukushima haikuangushwa na bahari peke yake

Wasee, mtu akitaja nyuklia tu, mwingine anajibu "Fukushima!" na mjadala unafungwa hapo. Mimi nasema hapo ndipo unafaa kuanza.

Tarehe 11 Machi 2011, Japani ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 9.0. Vinu vilivyokuwa vikifanya kazi Fukushima Daiichi vilijizima vyenyewe, vile inafaa. Lakini kinu kikizimwa hakipoi hapo hapo, ni kama jiko la makaa. Lazima maji yaendelee kuzunguka. Stima ya nje ilipotea, jenereta za dizeli zikashika. Baada ya dakika kama 50, tsunami ya karibu mita 14 ikafika. Mtambo ulikuwa umejipangia mita 5.7. Maji yakajaa vyumba vya chini, kwenye jenereta nyingi. Bila stima hakuna pampu. Mafuta ya nyuklia yakayeyuka kwenye vinu 3.

Ati ni mambo ya Mungu? Zii. Mwaka 2008, hesabu za ndani ya TEPCO, kampuni yenye mtambo, zilionyesha wimbi linaweza kufika mita 15.7. Wakubwa wakaagiza utafiti zaidi. Miaka 3 ikapita bila ukuta mpya. Mwaka 2012 tume ya bunge la Japani ikasema wazi: janga hili lililetwa na binadamu.

Sasa cheki Onagawa. Mtambo huo ulikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko, ukapigwa na wimbi la karibu mita 13, na ukajizima salama. Miaka mingi kabla, mhandisi Yanosuke Hirai alikazana ujengwe juu, karibu mita 15 kutoka usawa wa bahari. Alisikizwa. Siku ya tsunami, majirani waliopoteza nyumba walikimbilia ndani ya mtambo huo huo.

Bahari ile ile. Tofauti ni nani alisikizwa.

Kenya pia inataka kinu. Uyombo, Kilifi, ilipotajwa, wakazi waliandamana. Sikumaliza chuo, lakini hili halihitaji digrii: anayeuliza maswali mapema ndiye anakuokoa. Kabla tuambiwe megawati ngapi, tuambiwe hivi: mhandisi mdogo akisema "simamisheni", ni nani atalazimika kumsikiza, na sheria gani itamlinda asifutwe?

Hakuna jibu? Basi tusijenge bado.