RIMU ZA SPOTI: NATI NAZO ZIPANDE KONTENA

Ukimkuta Mswahili wa Uingereza anapakia kontena la kwenda Dar es Salaam au Mombasa, usishangae kuona katikati ya magodoro, friji na baiskeli za watoto kuna seti ya rimu za spoti. Mdogo wake nyumbani kaagiza RAV4 kutoka Japani, gari limekuja na rimu za kiwandani, naye anataka lipendeze. Kaka mtu wa majuu anaingia mtandaoni, anaona seti nzuri iliyotumika, anauliza swali moja tu: ina matundu mangapi? Akiambiwa matano, biashara imekwisha.

Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu. Matundu ni mwanzo wa maswali.

Chukua magari matatu yaliyojaa kwetu: Toyota RAV4, Honda CR-V na Nissan X-Trail za miaka ya 2000. Yote yana bolti tano zilizopangwa kwenye duara la milimita 114.3, kwa hiyo kwa macho rimu ya hili ni ya lile. Sasa pima tundu la katikati, pale rimu inapokaa kwenye habu. RAV4 ni milimita 60.1, CR-V ni 64.1, X-Trail ni 66.1. Rimu ya RAV4 haiingii kwenye X-Trail, na hapo utamsikia mtu anasema fundi ataichonga. Ya X-Trail inaingia kwenye RAV4 bila matata, lakini inabaki wazi karibu milimita 3 kila upande. Ikikazwa ikiwa imeegemea upande mmoja, usukani unatetemeka barabara kuu, na maskini mwenye gari anaanza kubadilisha beringi na tairodi ambazo hazina kosa. Dawa yake ni pete ya plastiki ngumu au aluminiamu inayojaza ile nafasi. Ni kitu cha bei ndogo kabisa, lakini sijui kwa nini hakipandi kontena.

Tuje kwenye nati, maana hapa ndipo watu wanapopoteza tairi njiani. Gari halining'inii kwenye bolti kama nguo kwenye msumari. Nati inaibana rimu kwenye habu, na ule mbano ndio unaobeba kazi. Ili mbano uwepo, uso wa nati lazima ulingane na kiti chake kwenye rimu. Rimu nyingi za kiwandani za Toyota hutumia nati yenye shingo na washa bapa. Za Honda hutumia nati yenye uso wa mviringo kama mpira. Rimu nyingi za kununua pembeni zinataka nati ya koni. Ukiweka nati ya mviringo kwenye kiti cha koni, inagusa kamstari kembamba tu. Leo itaonekana imekaza, baada ya safari mbili tatu imelegea.

Na meno pia yana mambo yake. Toyota na Honda hizo wanatumia uzi wa 12 kwa 1.5, Nissan anatumia 12 kwa 1.25. Nati ya mmoja ukiilazimisha kwa mwingine kwa mashine ya upepo, itaingia huku inakula meno. Nati sahihi inaingia kwa vidole, mizunguko saba au nane, kabla spana haijaguswa. Ikiingia mitatu tu, ama rimu ni nene mno ama kuna mtu kaweka spesa nyuma yake. Gari hilo lisiondoke.

Kukaza nako kuna mtindo wetu wa fundi kupanda juu ya spana na kurukaruka. Mwenye gari anafurahi, kumbe bolti inavutwa mpaka inachoka. Magari mengi madogo ya Toyota yanataka nguvu ya Nyutoni mita 103, na ipo spana inayopima kiasi hicho. Kwanza uso wa habu usuguliwe kutu kwa brashi ya waya, halafu nati zikazwe kwa kuruka, moja hapa na nyingine ng'ambo. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikaguliwe tena. Kwa msafiri wa Dar kwenda Moshi maana yake ni kusimama Chalinze.

Kuna wanaonijibu kwamba fulani kavaa rimu kubwa miaka mitano na hajapata ajali. Sawa, huenda alibahatika kupata zinazolingana. Mimi sina ugomvi na urembo. RAV4 yenye rimu nzuri inapendeza kweli. Ila ile ya mwaka 2006 yenye tairi za 225/65R17 ina ukuta wa mpira wa karibu milimita 146. Ukiivisha inchi 20 kwa tairi za 245/45, kimo cha gurudumu hakibadiliki sana lakini ukuta unabaki milimita 110. Kwenye lami ya Uingereza hutajali. Kwenye mashimo ya mtaani kwetu, rimu ndiyo inayopokea pigo, na aluminiamu ya bei poa hupasuka. Mimi ningeishia inchi 18.

Kabla ya kulipa, geuza rimu uangalie mgongo wake. Utakuta upana, umbali wa kuingia ndani na, kwenye nyingi zilizo nzuri, uzito inaoweza kubeba. Ekseli ya kilo 1,200 inahitaji rimu ya kilo 600 au zaidi kila upande. Za Kijapani zilizopimwa zina herufi JWL, mara nyingi na VIA. Isiyo na maandishi yoyote, iache hata kama ni ya bure. Iliyochomelewa pia iache.

Kwa hiyo ndugu wa majuu, mwambie mdogo wako akutumie picha ya nati zake na namba za gari kabla hujanunua. Mfuko mmoja uwe na nati 20 na pete nne, pamoja na ile spana ya kupimia. Nati za zamani asizitupe, akae nazo kwenye buti pamoja na jeki, kwa sababu tairi la akiba bado lina rimu ya zamani, na siku ya pancha usiku zile mpya huenda zisilishike.