JUA NI LA BURE, LAKINI BETRI SI YA BURE

Zamani mtu aliyekwenda msikitini kijijini kwa sala ya Isha aliongozwa na mwanga wa kandili au karabai. Leo, kwa neema ya Mwenyezi Mungu, misikiti mingi ambayo haijafikiwa na nguzo za umeme ina paneli za sola juu ya bati, na katika nyumba za waumini hali ni hiyo hiyo. Watoto wanasoma Qur'ani Tukufu usiku bila ya kuvuta moshi wa koroboi, na adhana inasikika mpaka ng'ambo ya mto. Hii ni neema kubwa, na kila neema ina haki yake. Mwezi huu tumeona tuzungumzie haki moja ambayo wengi wetu tumeghafilika nayo, na sisi wenyewe tukiwa wa kwanza, nayo ni kuihesabu neema hiyo tunapoitumia.

Tuanze na kisa kilichotufunza.

Katika msikiti mmoja tunaoufahamu vema, vyombo vya sola vilinunuliwa kwa michango ya waumini. Wako waliotoa fedha, wako waliotoa magunia ya mahindi, na yuko bibi kizee mmoja aliyetoa kuku wake wawili. Baada ya mwaka mmoja na miezi michache betri zote mbili zilikufa, tena ndani ya Ramadhani. Taa zilizimika katikati ya tarawehe, na Imamu akamalizia sala gizani. Baada ya salamu baraza lilijaa maneno. Ilisemwa kwamba fundi aliuza betri mbovu, kwamba ameila amana ya msikiti. Nasi tulikuwa miongoni mwa walioyasema hayo.

Fundi aliitwa, akaja, wala hakugombana na mtu. Aliomba daftari na kalamu, kisha akauliza: "Wazee wangu, mnatumia nini, na kwa saa ngapi?" Hapakuwa na hata mmoja wetu aliyeweza kumjibu.

Hesabu iliyotuaibisha

Ilibidi tukae chini na kuhesabu pamoja naye. Umeme wa kutumia hupimwa kwa wati-saa: chombo cha wati 10 kikiwaka saa 1 kimekula wati-saa 10. Kizio kimoja tunachonunua kwa LUKU ni wati-saa 1,000. Msikiti ule ulikuwa na paneli mbili za wati 100 kila moja. Kwa jua la nchi yetu, ambalo kwa wastani tunaweza kulihesabu kuwa sawa na saa 5 za jua kali kwa siku, paneli hizo zingeleta wati-saa 1,000. Lakini joto, vumbi, nyaya na betri yenyewe hupunguza, hivyo kinachobaki cha kutumia ni kama 700.

Mpango wa awali ulikuwa mzuri. Taa 8 za wati 9 kwa saa 4 ni wati-saa 288. Kipaza sauti cha wati 60 kwa saa 2 ni 120. Inveta ambayo yenyewe hula wati 15 hata isipobeba kitu chochote, ikiwashwa saa 5 tu, ni 75. Jumla ni 483. Kulikuwa na akiba ya kutosha kwa siku za mawingu.

Kisha mambo yakaongezeka kidogo kidogo, kila jambo likionekana dogo. Inveta iliachwa ikiwaka usiku na mchana: 360. Ziliongezwa feni mbili za wati 60, saa 3 kila usiku: 360. Taa moja ya nje iliachwa mpaka asubuhi, saa 12: 108. Na simu za waumini na majirani, zisizopungua 20 kila siku, zilichukua kama 200. Tukijumlisha na taa na kipaza sauti tunapata 1,436. Tulikuwa tunadai zaidi ya maradufu ya kile tulichopewa.

Betri mbili za asidi za volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 2,400, lakini ukitaka zidumu usitumie zaidi ya nusu, yaani 1,200. Kwa pengo la zaidi ya 700 kila siku, nusu hiyo iliisha kabla ya siku mbili kupita. Tangu hapo betri zile zililala na njaa kila usiku, na betri ya asidi inayolala na njaa huota chumvi ngumu ndani ya bamba zake, ikapoteza nguvu mpaka ikafa. Tukauliza, mbona kidhibiti chaji, kile mafundi wanachokiita chaji kontrola, hakikuzilinda? Fundi akatuonesha kwamba kidhibiti hulinda vile tu vilivyounganishwa kwenye mlango wake wa matumizi. Inveta huunganishwa moja kwa moja na betri, na ile yetu ilikuwa haikati umeme mpaka betri iwe imeshuka mno.

Basi mwizi wa betri alikuwa ni sisi. Tulimwomba radhi fundi yule mbele ya watu wale wale tuliomsemea mbele yao. Sura Al-Hujurat imetuonya juu ya dhana, na wengi wetu tunaihifadhi kwa moyo. Lakini dhana huota mahali pasipokuwa na kipimo. Laiti lingekuwapo daftari, lingemtakasa mtu yule kabla ya ulimi wetu kumchafua.

"Si jua la bure?"

Wako ndugu watakaosema: "Umeme wa TANESCO tunauhesabu kwa sababu tunaulipia. LUKU maana yake ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Jua ni la Mwenyezi Mungu, halina bili. Ya nini kuhesabu?"

Tunajibu kwamba maji ya mto nayo hayana bili. Katika mapokezi ya Ibn Majah, Mtume Mtukufu s.a.w. alimpitia Sa'd akitawadha, akamkataza israfu, na alipoulizwa kama israfu imo hata katika udhu akajibu kuwa imo, hata ukiwa kwenye mto unaotiririka. Wanavyuoni wa Hadithi wameizungumzia sanadi ya mapokezi haya, lakini maana yake inathibitishwa na mwenendo wake uliopokewa kwa njia sahihi. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas r.a. kwamba Mtume s.a.w. alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja na kuoga kwa pishi moja mpaka vibaba vitano. Tuitazame vema habari hii. Maswahaba walikijua kipimo cha maji ya Mtume wao! Alikuwa na kiasi maalumu, na kiasi hicho kilionekana hata kikasimuliwa. Ni nani miongoni mwetu awezaye kusimulia kiasi cha umeme anachotumia nyumbani mwake?

Tena jua lenyewe tunaambiwa katika Sura Ar-Rahman kwamba huenda kwa hesabu, na papo hapo inatajwa mizani na amri ya kutoipunguza. Kinachotushangaza ni kwamba tunakipokea kwa fujo kitu kinachotujia kwa hesabu. Na jua likiwa la bure, betri si ya bure, inveta si ya bure, na jasho la waliochanga si la bure.

Wala hatuhimizi ubakhili. Qur'ani Tukufu imetufundisha njia ya kati baina ya ufujaji na uchoyo. Mtu akimnyima mtoto wake taa ya kusomea ilhali betri imejaa, huyo naye amekosea. Na hapa ndipo penye faida ambayo wengi hawaitambui: kuhesabu hakutufunzi kupunguza tu, bali hutufunza pia wakati wa kutumia bila hofu. Betri ikishajaa, tuseme saa 8 mchana, kidhibiti huzuia umeme wa paneli usiingie, na jua la alasiri yote hupotea. Kwa hiyo israfu ya sola ina milango miwili: kutumia usiku kile kisichokuwapo, na kuacha mchana kile kilichopo. Mwenye kupima huifunga yote miwili.

Namna ya kupima

Kazi hii haihitaji elimu kubwa. Kwanza, andikeni kila chombo, wati zake na saa zake, mzidishe na mjumlishe. Wati zimeandikwa nyuma ya chombo. Zisipoandikwa, kipo kipima umeme kidogo cha kuchomeka kwenye soketi kinachoonesha wati na matumizi. Kwa nyumba yenye paneli moja ya wati 100, ambayo hutoa kama wati-saa 350 za kutumia, hesabu hii hufumbua macho. Televisheni ya wati 40 pamoja na kisimbuzi cha wati 12 kwa saa 5 ni wati-saa 260, karibu robo tatu ya riziki ya siku nzima. Pasi ya umeme ya wati 1,000 kwa nusu saa ni 500, zaidi ya siku nzima! Si haramu kuwa na pasi, lakini nyumba hiyo imebebeshwa mzigo isiouweza.

Pili, someni volti za betri kila alfajiri, kabla jua halijapanda, vyombo vikiwa vimezimwa kwa nusu saa hivi. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa huonesha kama 12.7. Ikiwa 12.2 imebaki nusu, na hapo matumizi ya usiku unaofuata yapunguzwe. Ikishuka chini ya 12, tumeidhulumu. Wenye betri za lithiamu wasitegemee volti, maana hazibadiliki sana mpaka betri inakaribia kwisha. Wao watazame asilimia kwenye kioo cha betri au katika programu ya simu inayokuja na inveta nyingi za siku hizi.

Tatu, hamisheni kazi ziende mchana. Kuchaji simu na taa za mkononi, kupandisha maji kwa pampu, kupiga pasi kwa wenye mitambo mikubwa, vyote viwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri. Ndugu zetu wa mijini wenye sola pamoja na umeme wa TANESCO wakifanya hivyo, vizio vya LUKU vitadumu zaidi.

Nne, daftari litawaambia pia hali ya paneli. Ikiwa siku ni za jua kali na matumizi hayajaongezeka, lakini volti za alfajiri zinashuka wiki hata wiki, pandeni mkatazame juu. Huenda ni vumbi la kiangazi, au tawi la mwembe lililokua. Kivuli kidogo kwenye pembe moja huweza kupunguza umeme wa paneli nzima. Na masika yakiingia, msingoje taa zizimike, punguzeni mapema.

Taa ya Baitul-Mal

Limebaki jambo la simu, na hili tunalisema tukijua litawakera baadhi. Husimuliwa juu ya Khalifa Umar bin Abdul Aziz, aliyetawala kuanzia mwaka 99 Hijria, kwamba alipokuwa akishughulikia mambo ya umma aliwasha taa ya Baitul-Mal, na mazungumzo yalipogeukia mambo yake binafsi aliizima akawasha yake. Betri ya msikiti ni mali ya wakfu. Yule bibi aliyetoa kuku wake hana simu; alitoa ili adhana isikike na watoto wasome. Je, ni haki simu zetu ziimalize betri yake?

Rai yetu si kupiga marufuku. Msafiri, na mwenye mgonjwa nyumbani, wasaidiwe wakati wowote. Wengine wachaji mchana tu, betri ikiwa imejaa, na kila mmoja atie kitu kidogo katika sanduku la kununulia betri ijayo. Kamati ya msikiti imteue kijana mmoja mwaminifu wa kuandika daftari, na Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi lisomwe mbele ya waumini kama zinavyosomwa hesabu za michango.

Katika msikiti ule daftari lipo hadi leo, limening'inizwa kwa kamba karibu na swichi ya inveta. Betri mpya zilinunuliwa kwa michango ya pili, na safari hii mchango ulikuwa mzito kuutoa kuliko wa kwanza. Yule bibi alitoa tena. Hatukuweza kumtazama usoni.

Ndugu zetu, Siku ya Kiyama tutaulizwa juu ya neema, na sisi tumeongezewa neema ya mwanga ambayo babu zetu hawakuwa nayo. Tuanze kuihesabu wenyewe kabla hatujahesabiwa. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuchunga amana. Amin.