UONEVU MABWENINI SI UKOMAVU



Kila Januari watoto wetu wa kidato cha kwanza huingia mabwenini. Kabla ya kufundishwa hesabu hufundishwa utumwa: kufua nguo za wakubwa, kuwatekea maji, kuwapa sukari iliyotoka nyumbani, kupiga magoti usiku taa zikisha zimwa. Akataaye hupigwa. Asemaye huitwa mnoko.

Na sisi watu wazima twasemaje? “Anakomazwa. Hata sisi tulipitia.” Maneno hayo twayapinga waziwazi. Jando lilikuwa na wazee wa kulisimamia, tena lilikuwa na siku ya kwisha. Bwenini usiku hakuna mzee, wala hakuna mwisho.

Utaratibu wa mdogo kumtumikia mkubwa ulikuwa wa shule za mabwana wa Uingereza. Kwa mfano wa shule hizo ilijengwa Shule ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925 kwa ajili ya watoto wa machifu. Mkoloni alihitaji watu wa namna mbili: mmoja wa kuwapiga wenziwe kwa niaba ya bwana, na wengi wa kuvumilia. Bendera yake ilishuka mwaka 1961. Kasumba yake imebaki bwenini.

Sisi tuliopita chuo cha ualimu twajua inavyoendelea. Mwalimu wa zamu achokaye kuzunguka usiku humwachia kiranja fimbo, na asubuhi husifu bweni kwa utulivu wake. Utulivu huo ni wa hofu. Kanuni za nchi humruhusu mwalimu mkuu, au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, kupiga viboko visivyozidi vinne, na viandikwe kitabuni. Kiranja hakupewa hata kimoja! Basi kiranja apigaye avunja kanuni, na mwalimu anyamazaye amshirikia.

Wako wasemao kwamba hiyo ni tabia ya watoto, haibadiliki. Si kweli. Norway, baada ya wavulana watatu kujiua mwaka 1982, serikali ilianza kampeni mwaka 1983 katika nchi nzima. Walimu walisimama uwanjani wakati wa mapumziko, madarasa yakaweka amri zao, wazazi wa pande zote mbili wakaitwa. Katika shule za Bergen alizozichunguza Profesa Dan Olweus, idadi ya watoto walioonewa ilipungua kwa kiasi cha nusu. Waliobadilika kwanza ni watu wazima.

Kwa hiyo, ndugu, kila mwenye mtoto na kila aliye katika bodi ya shule aulize mambo matatu. Usiku nani hulala karibu na watoto? Mtoto aliyeonewa amwambie nani, bila jina lake kutangazwa paredi? Kiranja aliyepiga alifanywa nini?

Tusikubali jibu la “tunalishughulikia.” Mtoto anayezoea leo kumpigia magoti kiranja, kesho atampigia magoti kila mwenye cheo, na yule kiranja atapewa ofisi. Nchi huru haijengwi na watu wa namna hiyo.